Siku Busole Ilipoulizwa

Godelieve hakuwa mtu wa kusahau. Wenzake wa bandari ya mji wa Baraka walimjua kwa hilo. Ukimwambia neno siku ya Jumatatu, Ijumaa alikuwa nalo bado, zima, halijapungua hata kipande.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, wa sauti ya chini, mama wa mtoto mmoja tu, Merveille, msichana wa miezi kumi na moja aliyeshinda mgongoni kwake kana kwamba mgongo ule ndio chumba alichopangiwa. Mume wake, Lionel, alikuwa Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, akirudi pale tu pikipiki ilipopatikana na barabara ilipokubali. Godelieve aliuza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, na mandazi, akiketi karibu na ziwa mno, hata mawimbi yakikasirika yalimlowesha miguu. Watu walidhani anakaa pale kwa ajili ya wateja. Sivyo. Alikaa pale kwa sababu ndipo alipomwona Papa Wilfried akishuka kila asubuhi kwenda kutazama boti zake, na kila asubuhi alimwombea mabaya.

Aliomba kwa utulivu, mtoto akinyonya. Hakuomba Wilfried afe. Mtu akifa wanamlilia, wanamvalisha suti, pasta anahesabu mema yake na wanawake wanapika. Aliomba aishi. Aliomba apatwe na haya mchana kweupe, mbele ya watu, akiwa na afya yake na macho yake mawili.

Ili umwelewe Godelieve inabidi umjue baba yake, na baba yake humjui mpaka uijue ile busole.

Ilikuwa dira ya shaba ya manjano, upana wake kama sahani ya mtoto, ndani ya kasha la mbao lililogeuka jeusi kwa kushikwa na mikono mingi. Ilitoka katika meli ya moshi ya wakati wa Wabelgiji. Babu yake Godelieve alikuwa mtia makaa ndani ya meli hiyo, na meli ilipochoka na kukatwa vipande, kapiteni alimpa busole mkononi, akaenda zake kwao Ulaya. Chini ya kioo mlikuwa na maji mazito, na ndani ya maji hayo kisahani chembamba kilichozunguka polepole, na mahali pa kaskazini pamechorwa ua. Alipokuwa mdogo Godelieve aliamini kwamba ua lile liko hai na linakunywa yale maji.

Baba yake, Raphaël, aliirithi akawa nahodha nayo. Aliendesha boti ya mbao yenye mota, Baraka hadi Uvira, Baraka hadi Kalemie, miaka ishirini na miwili. Na alikuwa na desturi ambayo watu wa bandarini waliicheka kwanza, kisha wakaizoea, kisha wakawa hawapandi boti isiyofanya hivyo. Waliiita kuuliza busole. Abiria wakishakaa, mizigo ikishapangwa, Raphaël alisimama nyuma penye usukani akaita kwa sauti: “Busole, Uvira iko wapi?” Watu wote walinyamaza, hata kuku walionyamazishwa kwa kufunikwa. Kisahani kilizunguka, kikatulia. Kisha akachagua mtu mmoja kati ya abiria, mara nyingi mama mzee, aje aangalie ua limelala upande gani, anyooshe mkono wake wote upande huo. Mkono ukielekea kaskazini, Swima na Makobola, njia ya Uvira ambayo kila mtu anaijua, watu waliitikia: “Iko kweli!” Ndipo mota ikawashwa.

“Mi siko na cheo hapa mu mayi,” Raphaël alipenda kusema. “Cheo iko na hii. Mi ninaisikilizaka tu. Na kama siku moja itasema bongo, itadanganya, basi iseme mbele ya bote, kila mutu aone na macho yake.”

Sheria yake nyingine ilikuwa ya chuma. Panga, sufuria, jembe, hata shada la funguo, vilikaa hatua tatu mbali na kasha. Alimfundisha Godelieve hilo akiwa na miaka saba: alisogeza kisu cha jikoni karibu na kioo, na mtoto akaona ua likiacha mahali pake na kukifuata kile kisu, kama mbwa anayefuata mfupa. Godelieve aliangua kilio. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini.

Boti haikuwa ya Raphaël. Ilikuwa ya Wilfried, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mkubwa wa mwili na wa haraka, aliyeona kila dakika ya boti kukaa ufukweni kuwa ameibiwa. Na siku ile ya masika, miaka sita iliyopita, Wilfried alikuja mwenyewe bandarini kuwaharakisha.

“Batu ba Uvira banangojea mizigo, we unacheza teatre na kile kisahani! Enda!”

Raphaël alikuwa ametoka kupeleka orodha ya abiria. Aliporudi alikuta mzigo umejaa na shitingi, turubai la kufunikia mizigo, imetandikwa nyuma yote, mpaka chini ya benchi lake. Alitaka kuuliza busole. Wilfried akaisukuma boti kwa mguu wake mwenyewe, watu wakacheka, na boti ikaondoka bila kuuliza.

Katikati ya maji mvua ilifunga kila kitu. Milima haikuonekana, pwani haikuonekana, likabaki ua peke yake. Raphaël alilifuata ua. Ua lilimpeleka mashariki, taratibu, bila wasiwasi, hadi kwenye mawe ya rasi ya Ubwari, na boti ikapasuka. Watu wanne walikufa. Mmoja alikuwa Gahungu, mkimbizi wa Burundi kutoka kambi ya Lusenda, aliyekuwa akienda kumwona ndugu yake mgonjwa.

Walipoivuta boti hadi mchangani, chini ya benchi la nahodha, ndani ya shitingi, walikuta makatoni kumi na moja ya misumari na mafungu ya vyuma vya zege. Mali ya duka la Wilfried. Aliiweka hapo kwa haraka yake, kwa sababu ndipo pakavu kuliko pote, na nahodha akiikalia hakuna wa kuiba. Raphaël alitazama yale makatoni mara moja tu, akaelewa yote.

Wenye boti walikaa kusikiliza kesi. Raphaël akaeleza habari ya misumari. Wilfried akawageukia wenzake.

“Misumari iko na miguu? Ilitembea, ikashika usukani?”

Watu walicheka. Maiti hawajamaliza wiki ardhini, na watu walicheka. Kisha Wilfried akasema, kwa sauti ya huzuni, kwamba mzee alinukia kanyanga asubuhi ile. Wakamwita msaidizi wa Raphaël, kijana Eugène, ambaye mikono yake yote ya kazi Raphaël ndiye aliyeifundisha. Eugène akatazama miguu yake. “Mi nilikuwa mbele,” alisema. “Sikuona kitu.” Na kweli alikuwa mbele. Kwa hiyo ikaandikwa kwamba nahodha alikuwa mlevi. Busole, kwa kuwa ilitolewa ndani ya boti ya Wilfried, ilibaki kwa Wilfried.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita Raphaël kwa jina. Alikuwa muzamishaji. Solange, mke wake, akienda kuteka maji wanawake walihamisha ndoo zao. Liliane, mjane wa Gahungu, kila alipokuja sokoni kutoka Lusenda alipita mbele ya meza ya Godelieve akageuza uso, halafu akatema mate chini, si karibu sana, ila kwa namna ya kuonekana. Raphaël aligeuza kiti chake kikaelekea ukuta ili asione ziwa. Alikaa hivyo mwaka mmoja na miezi miwili, kisha akafa. Waliomzika walitosha kubeba jeneza, hawakuzidi.

Na busole? Hiyo ndiyo iliyomchoma Godelieve kuliko vyote. Kama Wilfried angeitupa, angeweza kunyamaza. Lakini Wilfried aliipenda. Aliiweka dukani ndani ya kabati la kioo, pamoja na kengele ya meli na taa ya zamani alizonunua Kalemie, akawaambia wateja kwamba aliachiwa na koko yake, yaani babu yake. Duka akaliita Busole. Akaichora ukutani, akaichora kwenye fulana za vijana wake, kwenye mbavu za boti zake zote. Pasta Néhémie, mtu mwema asiyejua mengi ya bandarini, aliwahi kuihubiri: busole ni neno lisilogeuka. Ikawa mtu akitaka kumsifu mwingine kwa uaminifu anasema, “Ule ni mutu wa busole, kama Papa Wilfried.” Ni Godelieve peke yake aliyeona kwamba mchoraji aliyechora ile ya ukutani aliweka ua chini. Alipita hapo mara elfu, akaliangalia, hakumwambia mtu.

Sasa Wilfried alikuwa na boti mpya, kubwa kuliko zote za Baraka, jina lake Uaminifu. Ingebarikiwa Jumamosi na siku hiyo hiyo ingeenda Uvira na abiria. Wiki iliyofuata wenye boti wangechagua mkubwa wao, na kila mtu alijua sherehe ile ilikuwa ya nini.

Jumamosi asubuhi Godelieve alikuwa ameshapanga mandazi yake wapagazi walipoanza kupita. Walibeba makatoni begani. Waliyabeba mawili mawili, wakaingia majini hadi kiunoni, wakayapakia nyuma. Katoni moja lilikuwa limechanika kona, na mbele ya meza ya Godelieve likadondosha misumari mitatu mchangani. Baada ya makatoni vikaja vyuma vya zege. Vyote chini ya benchi la nahodha. Juu yake shitingi. Na kando ya benchi, kwenye kijukwaa kilichopakwa rangi mpya ya bluu, pakaachwa nafasi ya mraba kwa ajili ya kasha la busole.

Furaha ilimpanda Godelieve, ikawa kali hata akaogopa. Aliangalia juu ya Ubwari: wingu lilikuwa limeshaanza kujijenga, jeusi kwa chini. Basi, alijiambia. Basi, mwenyewe amejichimbia. Nyamaza tu, Godelieve. Uza mandazi yako. Acha waende na ua lao.

“Mama Merveille, nipe tano, na usinipe zile za jana.”

Alikuwa Eugène, amevaa fulana mpya yenye busole kifuani. Kwa miaka sita hajawahi kununua kwake. Labda siku ile furaha ilimpa ujasiri, au njaa.

“Za jana nilikula mi mwenyewe,” Godelieve alijibu. “Ni wewe njo unaendesha?”

“Njo mimi. Nahodha kabisa.” Akacheka, kisha kicheko kikamfia. “Angekuwepo baba yako, angeniambia nimekonda.”

“Bibi yako na batoto?”

“Beko bazima. Banne sasa. Wa nne tulimuita Raphaël.” Alisema hivyo akitazama mandazi. Hakungoja jibu. Alichukua karatasi yake akaondoka.

Godelieve alibaki na kijiko cha mafuta mkononi. Hakumsamehe Eugène, wala hata hakufikiria kumsamehe. Lakini sasa aliliona jambo lote mpaka mwisho wake, kama unavyoona chini ya maji yakitulia. Boti ingegonga mawe. Watu wangekufa, wengine wangeogelea. Wenye boti wangekaa. Na Wilfried, kwa sauti ya huzuni, angesema kwamba Eugène alinukia kanyanga. Kungekuwa na mke mwingine wa kuhamishiwa ndoo na watoto wanne wa muzamishaji. Na Wilfried angebaki na busole, angeichora kwenye boti nyingine.

Kwa hiyo kunyamaza si kulipiza. Kunyamaza kungemfanyia Wilfried kazi yake kwa mara ya pili.

Alimfunga Merveille vizuri mgongoni, akamwomba jirani amtazamie meza, akaingia katikati ya watu.

Saa nne watu walikuwa wamejaa hadi kwenye mitumbwi. Abiria walikuwa wameshakaa ndani ya Uaminifu na vikapu vyao. Liliane alikuwa miongoni mwao, kwenye benchi la tatu, anakwenda Uvira. Wilfried alishika busole kwa mikono miwili, ameivisha kitambaa cheupe, akaiinua juu kama padre anavyoinua kitabu.

“Bandugu,” alisema, “hii kitu ilikuwa ya koko yangu. Hii haisemake bongo. Na mwenye kuishika, naye hasemake bongo.”

Watu wakapiga makofi. Wilfried akaingia botini, akaiweka kwenye kile kijukwaa cha bluu, akaondoa kitambaa. Pasta Néhémie akaomba. Watu wakasema amina, na Wilfried akaashiria mota iwashwe.

“Hamujauliza,” alisema Godelieve.

Hakupaza sauti. Lakini ilianguka katika ule ukimya baada ya amina, kwa hiyo ilifika.

“Nani anasema?” Wilfried aligeuka. Alipomwona akatabasamu. “Ah. Mama ya ndagala. Rudia ku meza yako, mama, nzi banakula mbele ya bateja.”

Watu walicheka.

“Banakula za bure, papa, bashibe,” Godelieve alisema. “Mi ninauliza tu: boti itaenda bila kuuliza busole? Iko pale. Koko yako hakukufundisha?”

Kicheko kilibadilika upande. Mama mmoja mzee mwenye kitambaa cha kanisa kichwani akasema, “Eeh, kweli. Zamani tulikuwa tunauliza.” Mwingine akasema, “Mi mwenyewe nilinyoosha mukono siku moja, nikienda kuzaa Uvira.” Maneno yakaenea. Abiria nao wakaanza: tuulize, tuulize.

“Ile ilikuwa muchezo ya balevi,” Wilfried alisema.

Pasta Néhémie, aliyehubiri juu ya busole bila kuwahi kuiona ikiulizwa, akapiga makofi mara mbili. “Lakini ni muzuri sana, Papa Wilfried! Tumesema haidanganye. Basi iseme. Iseme mbele ya bote.”

Wilfried hangeweza kumkatalia pasta mbele ya wenye boti wote wa Baraka. Akamwangalia Eugène. “Fanya mbio.”

Eugène alisimama. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Aliita, na sauti ilimtoka ile ile ya mwalimu wake, hata Godelieve akafumba macho: “Busole, Uvira iko wapi?”

Kisahani kikazunguka, kikatulia. Eugène akaangalia abiria, akaonyesha mkono bila kuchagua. “We mama. Kuja.”

Alikuwa Liliane. Alisita, akavuka mabenchi mawili, akainama juu ya kioo. Eugène akamwonyesha ua. Liliane akalitazama kwa muda, akanyoosha mkono wake wa kuume.

Mkono ulielekea Ubwari.

Kwanza walicheka. “Uvira imehamia Ubwari!” mtu alipiga kelele kutoka kwenye mtumbwi. “Tupeleke basi, bei ishuke!” Kisha waliokuwa na akili ya maji wakaacha kucheka, na wengine wakafuata. Mkono wa Liliane ulikuwa bado uko juu. Aliutazama yeye mwenyewe kama mkono wa mtu mwingine.

“Imeharibika,” Wilfried alisema. “Ni kitu ya zamani. Eugène, washa.”

Godelieve alikuwa ameshaingia majini. Maji yalimfika kiunoni, Merveille akapiga mguu wake kwenye wimbi akacheka. Alishika ubavu wa boti, hapo hapo kwenye busole iliyochorwa.

“Haiharibike,” alisema. “Eugène. Funua shitingi, pale unakaa.”

“Usiguse mali yangu!” Wilfried alisema.

Eugène alimtazama Wilfried. Alimtazama Godelieve. Kisha akainama, akafunua. Makatoni yalikuwa yamepangwa vizuri, mapya, na jina la duka juu yake.

“Mama Liliane,” Godelieve alisema, “usishushe mukono. Tazama ua, na mukono ulifuate.” Kisha kwa Eugène: “Toa moja moja. Peleka kule mbele kabisa.”

Eugène alitoa la kwanza, abiria wakalipokezana hadi mbele. La pili. La tatu. Liliane alikuwa ameinama, mkono wake umenyooka. Walipotoa la tano mkono ulianza kutembea. Walipoanza kutoa vyuma, kwa pamoja, fungu kwa fungu, mkono ule uliacha Ubwari ukapita juu ya maji yote matupu, polepole, mbele ya macho ya watu mia tatu, hadi ukasimama juu ya pwani ya Swima. Hapo ukatulia.

Hakuna aliyeitikia “Iko kweli.”

Liliane aliinua uso. Hakumtazama Godelieve. Alimtazama Wilfried.

“Ile siku,” alisema, “ile siku ya bwana yangu, misumari ilikuwa wapi?”

“Mama, ile ni maneno ya zamani—”

“Ninauliza tu. Ilikuwa wapi?”

“Chini ya benchi,” alisema Eugène. “Kumi na moja. Mi mwenyewe niliitoa ku muchanga. Mzee alitwambia, na batu balicheka. Nami nilinyamaza.”

“Na kanyanga?” mama wa kitambaa cha kanisa aliuliza.

“Hapakukuwa kanyanga. Mzee hakunywaka hata bia ya arusi.”

Abiria walianza kushuka. Hawakugombana, hawakutukana. Kila mmoja alichukua kikapu chake, akaingia majini, akatoka upande wa pili wa boti ili asipite karibu na Wilfried. Mmoja wa wenye boti, aliyekuwa amevaa fulana ya busole, aliivua hapo hapo akabaki na singlendi. Wilfried alisimama ndani ya Uaminifu, akizungumza, akieleza, akitaja desturi za biashara na mvua na mambo ya Mungu, na watu walikuwa wakimtazama tu. Godelieve naye alimtazama. Alitazama shavu likicheza. Alitazama mkono ukitafuta kitambaa mfukoni usikipate. Hakupitwa na kitu.

Siku tatu baadaye Pasta Néhémie alifika nyumbani kwa Solange na busole, imefungwa ndani ya kitenge kipya.

“Papa Wilfried anawarudishia,” alisema. “Kwa roho safi. Anasema yaishe kimya kimya.”

Solange alinyoosha mikono. Godelieve akamshika kiwiko.

“Pasta, mutusamehe, murudie nayo,” alisema. “Hakuichukua kimya kimya. Aliichukua mbele ya batu. Airudishe yeye mwenyewe, na miguu yake, siku ya soko, apite mukati ya soko, bila kitenge. Afike hapa kwenye lango, aseme ni nani alizamisha.”

“Binti yangu, Biblia inasema tusamehe.”

“Inasema, pasta. Nami nitaisoma. Lakini kwanza akuje.”

Wilfried alikataa. Alikataa wiki mbili. Katika wiki hizo boti zake zililala ufukweni kama ng'ombe wagonjwa, kwa maana kila nahodha aliyewasha mota abiria walimwambia, “Tuulize kwanza,” na kwa kuwa busole haikuwemo, walitazama chini ya benchi, wakashuka. Wenye boti walichagua mkubwa mwingine. Mchoro wa ukutani, ule wenye ua chini, mtu aliupaka matope.

Siku ya soko ya wiki ya tatu alikuja. Alipita kati ya meza za mihogo na samaki, busole wazi mikononi, na wanawake waliacha kupima. Walimfuata hadi langoni, pamoja na Liliane, pamoja na watoto waliotoka shule. Jua lilikuwa kali. Kasha lile ni zito, na Wilfried hakuwa tena mtu wa kubeba vitu.

“Mupatie kiti,” Solange alimnong'oneza binti yake. Kwa kweli hakuna nyumba ya Baraka ambayo mgeni husimama langoni bila kiti na maji.

“Hapana, mama. Asimame.”

Kiti kilichokuwa kimeandaliwa Godelieve alimpa Liliane, na kikombe cha maji vilevile. Liliane akaketi. Akanywa taratibu.

Wilfried akaanza. “Mi… nakuja kusema kama Raphaël hakuwa…” Akalisogeza kasha kifuani. “Ile boti, si yeye.”

Godelieve alimhamisha Merveille kutoka mgongoni hadi mbele, akampa titi, akamtazama mtu yule juu ya kichwa cha mtoto wake.

“Sisikie, papa,” alisema kwa ile sauti yake ya chini. “Na bale ba barabarani, bale bananunua unga, nao habasikie. Sema jina lake lote. Sema misumari ilikuwa ya nani, na nani aliiweka. Sema kanyanga ni nani aliitunga. Kisha sema nani alizamisha.”

Alisema. Sauti ilikuwa kubwa kidogo kuliko mwanzo. Kasha lilianza kumlemea, na ndani ya kioo ua likawa linatikisika.

“Ulisahau bale banne,” Liliane alisema kutoka kitini. “Bwana yangu anaitwaka Gahungu.”

“Gahungu,” Wilfried alisema.

“Bengine?” Godelieve aliuliza.

Hakuwajua. Hakuwahi kuwajua. Alitazama huku na huku, na umati ukamwacha atafute. Godelieve aliwajua wote. Aliyataja majina matatu polepole, kama anayemfundisha mtoto.

“Anza tena,” akamwambia. “Tangu mwanzo. Na kwa nguvu.”